Maswali ya Wasomaji: Ghala Likijaa, Njaa Hupimwaje?

Barua nyingi tulizopokea kwa toleo hili zinazunguka jambo moja: mtu atajuaje kama nchi, mwaka baada ya mwaka, inasogea mbali na njaa au inaikaribia? Tumechagua sita, tukazifupisha pale ilipobidi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa mahindi na viazi mkoani Njombe. Kila mwaka tunatangaziwa kwamba kiwango cha taifa cha kujitosheleza kwa chakula kimepita asilimia 100, na mkoa wetu hutajwa miongoni mwa ile inayolisha mingine. Wakati huohuo wahudumu wa kliniki wanatuambia kwamba watoto wetu ni miongoni mwa waliodumaa zaidi nchini. Niamini takwimu ipi? (Msomaji, Njombe)

JIBU: Ziamini zote mbili, ila usiitake moja ijibu swali la nyingine. Kiwango cha kujitosheleza hupatikana kwa kuchukua makadirio ya mavuno ya msimu, mazao yasiyo ya nafaka kama mihogo, viazi na ndizi yakiwa yamegeuzwa kuwa uzito unaolingana na nafaka, kisha kuyagawanya kwa mahitaji ya watu wote wa nchi kwa mwaka. Hesabu hiyo ina kazi yake. Inaisaidia Wizara ya Kilimo kuamua kuhusu uuzaji wa nafaka nje, na inausaidia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulioanzishwa mwaka 2008, kupanga utanunua tani ngapi na kuzihifadhi wapi. Isichoweza kusema ni nani atakayekula. Mkulima aliyeuza magunia yake mwezi wa saba kwa bei ya chini ili alipe madeni, kisha akarudi sokoni mwezi wa kwanza kununua mahindi yaleyale kwa bei ya juu, ndani ya hesabu hiyo haonekani kabisa. Yaliyomo ni mahindi tu, naye hayumo.

Mwaka 1981 mwanauchumi Amartya Sen alizichambua upya takwimu za njaa ya Bengal ya mwaka 1943, iliyoua mamilioni ya watu, akaonyesha kwamba chakula kilichokuwapo jimboni mwaka huo hakikuwa kimepungua kwa kiasi cha kueleza vifo vile. Kilichoporomoka ni uwezo wa vibarua, wavuvi na mafundi wa vijijini wa kukinunua. Karibu na kwetu, Malawi iliyaona yayo hayo mwaka 2001 na 2002. Mavuno ya mahindi yalishuka, lakini makadirio ya mihogo na viazi vitamu yalikuwa makubwa mno, hivyo jumla ya chakula kwenye karatasi ikaonekana kutosha. Akiba ya taifa ilikuwa imeshauzwa. Na bei ilipopanda mara kadhaa, watu walikufa kwa njaa katika nchi ambayo mizania yake ya chakula haikuwa imeonyesha hatari kubwa.

Udumavu hupima kitu kingine. Mtoto wa chini ya miaka mitano huhesabiwa kuwa amedumaa iwapo kimo chake kimepungua kupita kiasi ukilinganisha na viwango vya Shirika la Afya Duniani kwa umri wake. Kimo hakipotei kwa mwezi mmoja wa njaa, wala hakirudi kwa mavuno ya msimu mmoja. Kinabeba historia ya siku 1,000, tangu mimba hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, na ndani ya historia hiyo mna mlo wa mama alipokuwa mjamzito, kuharisha, malaria, maji, na saa ambazo mama huyo analazimika kuwa shambani huku mtoto akilishwa uji mtupu na mdogo wa kike. Kitaifa udumavu umeshuka kutoka asilimia 42 mwaka 2010 hadi 34 katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016, kisha 30 mwaka 2022. Huko ni kupiga hatua. Hata hivyo, mwaka huo wa 2022 Iringa ilikuwa na zaidi ya nusu ya watoto waliodumaa, na Njombe na Rukwa zilikuwa karibu na nusu, yaani mikoa ileile inayojaza maghala. Wingi wa mahindi katika mkoa haumpi mtoto maharage, maziwa, mboga wala dagaa, na kwa maoni yangu mafanikio ya zao moja yamechangia kuficha upungufu huo kwa muda mrefu.

Atakayetaka kulinganisha mkoa wako na miaka ya nyuma ajihadhari na jambo moja. Njombe ilimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, kwa hiyo Iringa ya utafiti wa 2010 si Iringa ya utafiti wa 2022, na anayeunganisha takwimu za miaka hiyo miwili kwa mstari mmoja bila kulieleza hilo anampotosha msomaji.

SWALI: Ninasoma shahada ya uzamili na utafiti wangu unahusu mabadiliko ya hali ya chakula nchini Kenya. Nimekusanya asilimia ya watu wenye njaa kutoka katika kila ripoti ya mwaka ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, nikazichora katika grafu moja. Grafu inapanda na kushuka bila sababu inayoeleweka, na msimamizi wangu ameikataa. Tatizo liko wapi? (Mwanafunzi, Nairobi)

JIBU: Msimamizi wako yuko sahihi, ingawa ulichofanya ni cha kawaida kiasi kwamba hata magazeti makubwa hukirudia. Kiashiria unachokitumia, yaani asilimia ya watu wasiopata nishati ya kutosha kutokana na chakula, hakitokani na kumhesabu mtu yeyote mwenye njaa. FAO huanza na mizania ya chakula ya nchi, ambamo huandikwa kilichozalishwa, kilichoingizwa, kilichouzwa nje, kilichotumika kwa mbegu na mifugo na kilichopotea, ili kupata wastani wa kalori kwa kila mtu kwa siku. Kisha hukadiria, kwa kutumia tafiti za kaya, namna kalori hizo zinavyogawanyika kati ya walio nacho na wasio nacho. Mwishoni hukata mstari kwenye kiwango cha chini cha nishati kinachohitajika kwa watu wa nchi hiyo, kwa kuzingatia umri, jinsia na maumbile yao. Kwa nchi mojamoja hutolewa wastani wa miaka mitatu ili kupunguza mtikisiko. Kimoja tu kati ya vitu hivi kikisahihishwa, iwe ni idadi ya watu baada ya sensa mpya au mgawanyo wa kalori baada ya utafiti mpya wa kaya, mfululizo mzima huandikwa upya, pamoja na miaka iliyokwisha kupita.

Ndiyo maana mwaka 2009 dunia iliambiwa kwamba watu wenye njaa wamepita bilioni 1, lakini ripoti ya mwaka 2012, baada ya mbinu kurekebishwa, ilikadiria watu milioni 868 kwa kipindi cha 2010 hadi 2012, na kile kilele cha 2009 kikatoweka. Ripoti ya mwaka 2020 nayo ilishusha idadi ya dunia kutoka zaidi ya milioni 820 hadi karibu milioni 690, hasa kwa sababu takwimu za China kuhusu mgawanyo wa chakula zilikuwa zimesahihishwa. Hakuna aliyeshiba kwa masahihisho hayo. Kwa hiyo chukua mfululizo wote kutoka katika toleo moja, lililo jipya kuliko yote, na usiuchanganye na la zamani. Kanuni hiyohiyo inahusu Fahirisi ya Njaa Duniani, ambayo vyombo vya habari hupenda kuitumia kuzipanga nchi kwa nafasi. Waandaaji wake wenyewe huonya kwamba alama za ripoti ya mwaka mmoja zisilinganishwe na za ripoti ya mwaka mwingine.

Huenda ukafikiri kwamba tafiti za kaya zenyewe zingekutoa katika shida hii. Zinasaidia, lakini nazo zina mitego. Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti walifanya jaribio Tanzania ambalo kila mwanafunzi wa takwimu angefaa kulijua: walichukua kaya zipatazo 4,000, wakazigawa kwa bahati nasibu katika makundi manane, na kila kundi likaulizwa kuhusu matumizi ya chakula kwa namna yake. Wengine waliandika katika shajara kila siku, wengine waliulizwa kukumbuka siku 7, wengine walitakiwa kukumbuka mwezi wa kawaida, wengine walisomewa orodha ndefu ya vyakula na wengine orodha fupi. Kwa kuwa mgawanyo ulikuwa wa bahati nasibu, makundi yote yalipaswa kutoa jibu linalokaribiana. Badala yake, sehemu ya watu waliohesabika kuwa na njaa ilitofautiana kutoka chini ya asilimia 20 hadi zaidi ya asilimia 60, kwa sababu ya dodoso tu. Nchi inayobadilisha dodoso lake kati ya utafiti mmoja na mwingine inaweza basi kutangaza ushindi dhidi ya njaa, au janga, ambalo limetokea kwenye karatasi peke yake. Angalia pia miezi ambayo wadadisi walikuwa uwandani, kwa maana kaya iliyohojiwa mwezi wa nane, baada ya mavuno, na kaya hiyohiyo ikihojiwa mwezi wa pili, ni kama kaya mbili.

Kwa Kenya hasa, mwaka 2022 ni mfano mzuri wa vipimo kukataa kukubaliana. Utafiti wa taifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka huo ulionyesha kwamba udumavu ulikuwa umeshuka hadi asilimia 18, kutoka 26 mwaka 2014 na 35 mwaka 2008 na 2009. Katika miezi hiyohiyo kaskazini mwa nchi kulikuwa na ukame mbaya kuliko wowote katika miongo kadhaa, na watu zaidi ya milioni 4 waliorodheshwa kuwa wanahitaji msaada wa chakula. Ripoti za FAO zinazogusa kipindi hicho zilikadiria kwamba zaidi ya robo ya Wakenya hawakuwa wakipata kalori za kutosha. Hakuna uongo hapo. Udumavu ni wastani wa nchi nzima, ambamo watu wengi wanaishi nje ya maeneo kame, tena unaeleza malezi ya miaka iliyotangulia. Orodha ya msaada inaeleza miezi michache ya kaunti chache. Na kadirio la kalori linatoka kwenye mizania ya taifa. Tasnifu yako itakuwa na nguvu zaidi ukiziacha takwimu hizi zipingane mbele ya msomaji na ukaeleza kwa nini, kuliko ukitafuta namna ya kuzichanganya ziwe alama moja.

SWALI: Mimi ni mfugaji katika Kaunti ya Isiolo. Kila mwezi huja vijana wakiuliza bei ya mbuzi, umbali wa kwenda majini na lita za maziwa tunazopata, na kupima mikono ya watoto. Nasikia pia kwamba fedha za ukame hutolewa kwa kuangalia picha za setilaiti. Mbona wasihesabu tu wenye njaa? (Mzee msomaji, Isiolo)

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Vijana hao hukusanya takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, iliyoundwa mwaka 2011, ambayo hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti 23 zilizo kame na zilizo nusu kame. Swali la bei ya mbuzi, ambalo huenda likaonekana kama udaku wa sokoni, kwa maoni yangu ndilo la maana kuliko yote katika dodoso lao. Linapowekwa pamoja na bei ya mahindi hupatikana idadi ya kilo za mahindi ambazo mfugaji atazipata akimuuza mbuzi mmoja. Ukame unapoanza, mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja: mbuzi anakonda na kila mtu anataka kumuuza, hivyo bei yake inashuka, huku mahindi yakipanda kwa kuwa mavuno ni haba. Uwiano huo huporomoka wiki nyingi kabla ya mtoto wa kwanza kukonda, na kwa sababu ni kilo na wala si shilingi, mfumuko wa bei hauuvurugi sana; mtu anaweza kulinganisha mwaka huu na mwaka 2011 bila kwanza kuuliza shilingi ya wakati ule ilikuwa na thamani gani.

Utepe wa mkono ni wa upande wa pili wa hadithi. Mtoto mwenye umri wa kati ya miezi 6 na 59 ambaye mzunguko wa mkono wake uko chini ya milimita 125 ana utapiamlo mkali, na akiwa chini ya milimita 115 hali yake ni mbaya zaidi na anahitaji matibabu ya haraka. Hicho ni kipimo cha madhara yaliyokwisha kumfika mtoto, hivyo hakiwezi kutumika kama onyo la mapema.

Setilaiti hupima ukijani wa nchi. Wataalamu huchukua ukijani wa sasa na kuuliza uko wapi kati ya kiwango cha chini kabisa na cha juu kabisa kilichowahi kuonekana mahali hapo katika kipindi kama hicho cha mwaka; jibu ni namba kati ya 0 na 100. Chini ya 35 ukame umeanza, chini ya 20 ni mkali, chini ya 10 ni mkali kupita kiasi. Mpango wa fedha za kujikinga na njaa, ulioanzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera kabla ya kupanuliwa, umetumia namba hiyo kuongeza malipo kwa kaya za ziada wakati wa ukame. Uzuri wake ni kwamba setilaiti haichelewi kuja, haina jamaa katika kijiji chochote, wala haiogopi mwanasiasa, na kumbukumbu yake inarudi nyuma miongo kadhaa kwa kipimo kilekile. Ubaya wake mnaujua ninyi kuliko mimi: kichaka cha mathenge hubaki kijani wakati nyasi zimekwisha, na picha ya kutoka angani haitofautishi kwa urahisi kichaka ambacho ng'ombe hawezi kuishi kwacho na malisho ya kweli. Wala haioni kwamba njia ya kwenda kwenye malisho imefungwa na mapigano.

Kuhusu kuwahesabu wenye njaa, kazi hiyo hufanyika mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua za masika na baada ya vuli, kwa kutumia Uainishaji wa Awamu za Usalama wa Chakula, maarufu kwa herufi IPC, ulioasisiwa Somalia mwaka 2004. Una awamu tano, kuanzia hali ya kawaida hadi janga, na eneo huwekwa katika awamu fulani pale angalau asilimia 20 ya watu wake wanapokuwa katika awamu hiyo au iliyo mbaya zaidi. Watu wa Awamu ya 3 na kuendelea ndio wanaotajwa kuwa wanahitaji msaada wa haraka. Serikali ya Kenya ilipotangaza ukame kuwa janga la kitaifa, Septemba 2021, walikuwa takriban milioni 2.1; kufikia mwisho wa 2022, baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua haba, walikaribia milioni 4.4, na ikatabiriwa kwamba wangefika milioni 5.4 kati ya Machi na Juni 2023. Mvua zikarudi, na katikati ya 2024 walikuwa wameshuka hadi kiasi cha milioni 1. Mwanzoni mwa 2025 walikuwa wamepita tena milioni 2.

Ukizisoma namba hizo kama rekodi ya miaka, kumbuka kwamba ile ya milioni 5.4 ilikuwa utabiri, na kwamba uainishaji huu hupima hali ya watu pamoja na msaada wanaoupata. Idadi inaweza kushuka kwa sababu mifugo imeongezeka, au kwa sababu malori ya chakula yamefika, na katika jedwali sababu hizo mbili zinafanana kabisa. Kumbuka pia kwamba awamu ya mwisho ni ya kuthibitisha maafa, si ya kuyazuia. Ili njaa itangazwe, sharti moja ni vifo visivyopungua 2 kwa kila watu 10,000 kwa siku. Somalia ilipotangaziwa njaa Julai 2011, sehemu kubwa ya watu wapatao 258,000 waliokufa katika janga lile walikuwa wameshazikwa.

Lakini swali lako, mzee, lina jibu fupi zaidi. Mwenye njaa leo na mwenye kuelekea kwenye njaa si mtu mmoja. Katika ukame wenu ule uliofikia kilele mwaka 2022, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa kaskazini mwa Kenya. Kaya iliyobaki na mbuzi watano mwaka 2024 ilikuwa inakula, na huenda katika hesabu ya IPC ilikuwa imerudi Awamu ya 2, jirani ya ile iliyobaki na mbuzi hamsini. Mvua zilizofuata ziliposuasua, kaya hizo mbili hazikuwa jirani tena. Ndiyo maana napenda kuona idadi ya mifugo iliyobaki, hasa majike, ikiandikwa pembeni ya kila namba ya walio na njaa.

SWALI: Kwa nini wataalamu wasiwaulize watu moja kwa moja kama wana njaa, wakaachana na hesabu hizi zote? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Huulizwa. Tangu mwaka 2014 FAO imetumia maswali 8 yaleyale katika nchi nyingi duniani, yakianza na kama mtu aliwahi kuwa na wasiwasi kwamba chakula hakitatosha, na kuishia na kama aliwahi kushinda siku nzima bila kula kwa kukosa fedha au njia nyingine ya kukipata. Dodoso jingine huuliza mambo matano yaliyofanyika katika siku 7 zilizopita: kula chakula kisichopendwa kwa kuwa ni rahisi, kukopa chakula, kupunguza kiasi, kupunguza idadi ya milo, na watu wazima kujinyima ili watoto wale. Hilo la mwisho hupewa uzito wa 3, kukopa uzito wa 2, na mengine 1. Ubora wa maswali haya ni kwamba mtu haulizwi alikula gramu ngapi. Kasoro yake ni kwamba watu hujifunza: pale ambapo dodoso limewahi kufuatiwa na mgawo wa unga, majibu ya mwaka unaofuata hayana usafi uleule.

SWALI: Mnazungumza sana kuhusu vipimo vya njaa iliyopo. Mimi nataka kujua namna ya kupima hatari, yaani ni akina nani ambao leo wameshiba lakini msimu mmoja mbaya utawaangusha, na kama idadi yao inapungua kadiri miaka inavyopita. (Mwalimu, Bukoba)

JIBU: Mwalimu, umekaa katika mkoa unaofaa kuuliza swali hilo. Chukulia kwamba utafiti wa mwaka fulani unakuta asilimia 30 ya kaya hazina chakula cha kutosha, na miaka minne baadaye utafiti mwingine, wa kaya nyingine, unakuta asilimia 30 vilevile. Huenda ni kaya zilezile zilizokwama; huenda nusu yake zimetoka na nyingine zimeingia. Hali ya kwanza ni umaskini wa kudumu, na dawa yake ni ardhi, elimu, lishe na afya. Ya pili ni hatari yenyewe unayoiulizia, ambayo huenda imeshika asilimia 45 au 60 ya watu kwa zamu, na dawa yake ni akiba, bima, na msaada unaofika kabla mtu hajauza jembe. Tafiti mbili za watu tofauti haziwezi kutenganisha hali hizo hata ziwe kubwa namna gani. Ni lazima kurudi kwa watu walewale.

Hilo lilifanyika kwenu Kagera. Kati ya 1991 na 1994 kaya 915 zilihojiwa mara kadhaa, wakati ukimwi ulipokuwa ukiharibu nyumba nyingi, kisha watafiti wakarudi mwaka 2004 na tena 2010 kuwatafuta watu walewale popote walipokuwa, wakiwemo waliovuka mpaka kwenda Uganda. Walipolinganisha ndugu waliotoka nyumba moja, walikuta kwamba waliohama mkoa walikuwa wameongeza matumizi yao kwa kiasi kikubwa kuliko waliobaki. Utafiti wa kawaida, unaowahoji waliopo kijijini, usingewaona kamwe waliohama, na ungehitimisha kwamba maendeleo yalikuwa madogo kuliko yalivyokuwa. Kitaifa, Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilianzisha mwaka 2008 utafiti wa kufuatilia kaya zilezile, ukianza na kaya 3,265, na umerudiwa mara kadhaa.

Ukiwa na takwimu za namna hiyo unaweza kuhesabu mambo ambayo hakuna mizania ya chakula itakayokupa: ni sehemu gani ya kaya iliyowahi kuanguka hata mara moja, mlo wao ulipungua kwa kiasi gani mvua zilipokosekana, na ilichukua misimu mingapi kurudi walipokuwa. Hili la mwisho ndilo ningelifanya kiashiria kikuu cha taifa. Nchi ambayo mwaka 2005 kaya zake zilihitaji misimu sita kuinuka baada ya ukame, na sasa zinahitaji misimu miwili baada ya ukame wa ukali uleule, imepunguza hatari hata kama siku ya utafiti asilimia ya wenye njaa haikubadilika. Shida ni kwamba tafiti hizi hurudi baada ya miaka miwili, minne au zaidi, na njaa ya kijijini huja na kuondoka ndani ya miezi mitatu. Ningepewa bajeti, ningeacha utafiti mkubwa wa kaya 20,000 unaofanyika mara moja kwa miaka mingi, nikafuatilia kaya 2,000 kwa simu kila baada ya miezi mitatu, na wadadisi wakienda kwa miguu kwa wasio na simu, maana hao wasio na simu mara nyingi ndio wenyewe wanaotafutwa.

SWALI: Mimi ni mtendaji wa kijiji mkoani Singida. Sina kompyuta wala wataalamu. Je, kuna kitu ninachoweza kuandika katika daftari kikamfaa mtu atakayekuja baada ya miaka kumi? (Mtendaji, Singida)

JIBU: Kipo, tena hakihitaji kurasa nyingi. Siku ya gulio la kwanza la kila mwezi andika bei ya mahindi na ya mtama, bei ya mbuzi wa makamo, na malipo ya kibarua kwa siku moja ya palizi. Ikiwa kwenu vibarua hulipwa kwa ekari, andika kwa ekari na usigeuze. Kila mwaka andika mwezi ambao kaya nyingi zilimaliza chakula chao cha shambani na kuanza kununua, maana mwezi huo ukirudi nyuma kutoka wa pili hadi wa kumi na moja umesema jambo kubwa. Zahanati ikikubali, ongeza idadi ya watoto waliopimwa mkono na idadi ya waliokuwa chini ya milimita 125. Idadi zote mbili, kwa sababu waliokutwa na tatizo bila kujua waliopimwa hawana maana. Bei andika kwa kilo iliyopimwa kwa mizani. Debe la mfanyabiashara mmoja si debe la mwingine, na gunia la lumbesa la mwaka huu huenda likawa zito kuliko la mwaka ujao, hivyo atakayesoma ataona bei imeshuka wakati kilichopungua ni gunia. Gulio likihamishwa, au mizani ikibadilishwa, liandike hilo pamoja na tarehe yake. Na ukihamishwa kituo, liache daftari ofisini.